Gari Linalojiendesha Limefundishwa Barabara Gani?

Kila inapotoka habari ya gari linalojiendesha, mazungumzo huelekea kwenye akili ya gari lenyewe: lina kamera ngapi, linaona mbali kiasi gani usiku, linaamua haraka kiasi gani kuliko binadamu. Ni maswali ya haki, lakini yanaruka jambo lililoyatangulia. Gari hilo limefundishwa, na sehemu kubwa ya mafunzo yake haikufanyika kwenye lami. Ilifanyika ndani ya kompyuta, katika barabara iliyoandikwa na watu, miongoni mwa madereva walioandikwa na watu. Kampuni ya Waymo ya Marekani ilieleza kwamba mwaka 2016 pekee magari yake yalikwenda maili bilioni 2.5 za kompyuta, ilhali maili zake zote za barabara halisi hadi wakati huo zilihesabika kwa mamilioni machache tu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba barabara hiyo ya kompyuta si uwanja wa mazoezi tu, bali ndiyo mwalimu. Upungufu wake huingia katika tabia ya gari, na mara nyingi huingia bila kelele, huku ripoti ikionyesha mafanikio. Kwa hiyo jamii inayotakiwa kuliamini gari ina haki ya kuikagua kwanza barabara lililojifunzia.

Chukua SUMO, programu ya uigaji wa trafiki ambayo Kituo cha Anga cha Ujerumani, DLR, kilianza kuijenga mwaka 2000, na ambayo hadi leo mtu yeyote anaweza kuipakua bure pamoja na msimbo wake wote. Ukiifungua unaona mistari ya barabara na pembetatu ndogo za rangi zikisogea. Hakuna moshi, hakuna honi. Uzito wake uko kwenye hesabu. Hesabu nyingi za zamani zilichukulia magari kama maji yapitayo kwenye bomba, lakini SUMO humfuatilia kila dereva peke yake: yuko mita ngapi kutoka mwanzo wa barabara, leni ipi, kasi gani, anaelekea wapi. Kila hatua ya muda inapopita, na kwa kawaida hatua hiyo ni sekunde 1, kila dereva huulizwa upya atafanya nini. Jibu lake hutokana na kanuni ambayo chimbuko lake ni kazi ya Stefan Krauss, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1998: kimbia kadiri uwezavyo, mradi gari la mbele likifunga breki uweze kusimama bila kuligonga. Kisha kanuni humpunguzia dereva kasi kidogo kwa kubahatisha, kuwakilisha ulegevu wa binadamu. Asiyegusa mipangilio anapata gari lenye urefu wa mita 5, lenye uwezo wa kuongeza mwendo wa mita 2.6 kwa sekunde katika kila sekunde, linaloacha mita 2.5 nyuma ya gari lililosimama, na dereva anayejiwekea sekunde 1 kati yake na wa mbele. Tarakimu hizo zisipobadilishwa, ndizo tabia ya wakazi wa mji mzima.

Upande wa pili kuna aina ya ujifunzaji wa mashine ambayo hapa nitaiita kujifunza kwa tuzo. Mwanafunzi, yaani programu inayofunzwa, haonyeshwi mifano sahihi ya kuiga. Anawekwa katika hali fulani, anaachwa atende, kisha anapewa alama kulingana na matokeo. Baada ya kurudia mara mamilioni anajenga mazoea yanayomletea alama nyingi kwa muda mrefu, si za papo hapo tu. Richard Sutton na Andrew Barto, walioweka misingi ya fani hii tangu miaka ya 1980, ndio waliopewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2024, na ni njia hii iliyoisaidia programu ya AlphaGo kumshinda bingwa Lee Sedol katika mchezo wa Go mwaka 2016. Tatizo lake ni kwamba inakula majaribio. Mwanafunzi huanza kwa kubahatisha, na kubahatisha kwenye usukani ni kugonga. Ndiyo maana fani hii, inapogusa magari, haiwezi kuachana na uigaji.

Kuviunganisha viwili hivi kulikuwa kazi ngumu wakati fulani. Leo si ngumu tena. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani na Uswisi walitangaza TraCI, mlango unaoiruhusu programu nyingine kuzungumza na SUMO wakati uigaji ukiendelea. Mazungumzo yenyewe ni mafupi. Programu inauliza: gari hili liko wapi, linakwenda kasi gani, la mbele yake liko umbali gani? SUMO inajibu. Programu inaagiza: kasi iwe mita 12 kwa sekunde, au hamia leni ya kushoto. Kisha inasema: songa hatua moja. Hatua inapita, alama zinatolewa, maswali yanaanza upya. Mwaka 2017 kikundi cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiwemo Cathy Wu, Eugene Vinitsky, Aboudy Kreidieh na profesa wao Alexandre Bayen, kilitoa Flow, mfumo uliofunga SUMO na maktaba za kujifunza kwa tuzo katika kifurushi kimoja. Mwanafunzi wa chuo mwenye kompyuta ya kawaida akapata uwezo wa kufundisha gari lake la kompyuta. Wepesi huu ni neema, lakini pia umewafanya watu wengi wapite haraka juu ya maswali ambayo hapo awali ugumu wa kazi uliwalazimisha kuyafikiria.

Jaribio lililowapa moyo watafiti hao lina historia ya kuvutia. Mwaka 2008 kikundi cha Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, kilichapisha matokeo ya kuweka magari 22 kwenye duara la mita 230. Madereva waliambiwa waende kwa kilomita 30 hivi kwa saa, basi. Hakukuwa na taa, tuta, ajali wala askari. Baada ya muda mfupi foleni ilizuka yenyewe: wimbi la kusimama na kuondoka lililosafiri kinyumenyume kwa takriban kilomita 20 kwa saa, magari yakiingia kwa nyuma na kutoka kwa mbele yake. Sababu ni tabia tu. Mmoja anagusa breki kidogo, wa nyuma anachelewa kuitikia na kukanyaga zaidi, anayemfuata anazidisha, mpaka mmoja anasimama kabisa. Flow ililiweka duara hilo ndani ya SUMO na kumkabidhi mwanafunzi gari moja kati ya 22. Bila kuambiwa mbinu, mwanafunzi aligundua kwamba faida iko katika kutokimbilia kujaza pengo lililo mbele, na wimbi likayeyuka. Huko Tucson, Arizona, jaribio la magari halisi lilikuwa limefanyika mwaka 2016 kwenye duara la mita 260, gari moja likiongozwa na kanuni zilizoandikwa kwa mkono, si kwa tuzo, na matumizi ya mafuta ya msafara yalipungua kwa hadi asilimia 40. Jambo lenyewe basi ni la kweli, si ndoto ya kompyuta.

Lakini tazama kilichotokea kwa yule mwanafunzi wa Berkeley. Wimbi alilolishinda lilikuwepo kwa sababu kanuni waliyopewa madereva wengine inaruhusu wimbi. Waandikie utulivu kamili, na hakuna foleni ya kuyeyusha wala somo la kujifunza. Waandikie haraka na ukali zaidi, na somo linakuwa lingine. Gari halikujifunza trafiki. Lilijifunza madereva hao 21. Kama wanafanana na watu wa kweli, elimu yake inasafiri. Kama hawafanani, anayeitegemea elimu hiyo barabarani ni abiria, na alama nzuri za darasani hazitamwambia.

Turudi kwenye TraCI na kuitazama kwa karibu, maana hapa ndipo pana kiini cha wasiwasi wangu. Programu inapoagiza kasi, SUMO haitii moja kwa moja. Kila gari lina mpangilio wa namna ya kupokea maagizo ya kasi, na thamani yake ya kawaida ni 31. Namba hiyo ni jumla ya 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ikiwasha ulinzi mmoja: usizidi kasi salama, usizidi uwezo wa kuongeza mwendo, usizidi uwezo wa breki, pisha mwenye haki kwenye makutano, simama taa ikiwa nyekundu. Sasa mwanafunzi asiyejua kitu anaagiza kwenda kwa mita 20 kwa sekunde kuelekea gari lililosimama. SUMO inapokea agizo, inanyamaza, na inalipunguza gari mwendo. Hakuna ajali. Mwanafunzi anapata alama zake na anabaki akiamini kwamba agizo lake lilikuwa zuri. Rudia hivyo mara milioni moja na utapata ripoti yenye ajali sifuri, iliyoandikwa kwa haki kabisa, ya dereva ambaye hajawahi kufunga breki kwa uamuzi wake. Mtafiti makini huizima namba 31 na kuacha ajali zitokee ili mwanafunzi azijue. Asiyeusoma mwongozo vizuri hatajua kwamba kuna kitu cha kuzima.

Mfano wa pili ni wa magari yanayohamishwa. Gari likikwama mahali pamoja kwa sekunde 300, SUMO kwa kawaida huliondoa na kulipachika mbele zaidi kwenye njia yake, panapopatikana nafasi. Waliobuni walikuwa na sababu nzuri: makosa madogo kwenye ramani ya kompyuta yanaweza kufunga makutano mamoja na kuzuia mji mzima milele, jambo lisilo na maana kwa mhandisi anayetaka kujua wastani wa safari. Kwa mwanafunzi anayelipwa ili kupunguza magari kwenye makutano, hata hivyo, ukarimu huo ni mwanya. Fungia upande mmoja vya kutosha, na magari yanatoweka. Hahitaji kuwa mjanja wala kuwa na nia mbaya. Kutafuta alama tu kunaweza kumfikisha hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa kubadili leni, ambako katika mipangilio ya kawaida gari huruka kutoka leni moja kwenda nyingine kwa hatua moja, bila ile nusu ya safari ambapo mkia uko huku na pua iko kule, nusu ambayo ndiyo yenye hatari barabarani. Na kwa hatua ya sekunde 1, gari la kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kati ya uamuzi mmoja na mwingine. Hakuna kosa hata moja hapa kwa kazi ambayo SUMO iliundiwa, yaani kupanga miji na taa. Zana haikusema uongo. Imepewa tu kazi ya ualimu ambayo haikuombwa mwanzoni.

Tuzo yenyewe nayo ni sehemu ya mwalimu. Watafiti wa Berkeley wameeleza kwamba ukimlipa mwanafunzi kwa kupunguza mafuta peke yake, anajifunza kusimama katikati ya barabara kuu, kwa kuwa gari lililosimama ndilo linalotumia nishati kidogo kuliko yote. Kosa hilo linaonekana kwa macho, kwa hiyo hurekebishwa. Yanayotisha ni yasiyoonekana. Mwaka 2021 Bradley Knox, Peter Stone na wenzao walizichambua fomula za tuzo zilizokuwa zimechapishwa katika tafiti za magari yanayojiendesha, wakauliza swali rahisi: kwa hesabu za fomula hii, gari likubali ajali mara ngapi ili lifike liendako badala ya kubaki limeegeshwa? Walikuta kwamba nyingi ya fomula hizo zingeridhika na dereva anayegonga mara nyingi kupita kiasi ambacho binadamu yeyote mwenye akili timamu angekikubali. Waandishi wake hawakukusudia hivyo. Waliongeza alama kidogo kwa mwendo, wakapunguza kidogo kwa kugonga, wakajaribu mpaka magari yakaenda vizuri kwenye skrini. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya thamani ambayo ajali imepewa.

Ili nisionekane ninapinga njia nzima, nitazame kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Novemba 2022, kwenye barabara kuu ya I-24 karibu na Nashville, Tennessee, muungano wa vyuo na watengenezaji magari uitwao CIRCLES uliingiza magari 100 katika msongamano halisi wa asubuhi. Binadamu walishika usukani. Kompyuta ilisimamia mwendo tu, kupitia mfumo wa kushika kasi ambao magari hayo yalikuwa nao tayari. Baadhi ya maamuzi hayo ya mwendo yalikuwa yamejifunzwa kwa tuzo ndani ya uigaji. Lakini watafiti hawakutegemea madereva wa kanuni za vitabuni pekee. Walirekodi kwanza mienendo ya kweli kwenye I-24 yenyewe, na ndani ya uigaji gari la mbele likawa linarudia kasi zile zilizorekodiwa, pamoja na kusitasita kwake kote. Mwanafunzi alipewa hasa habari tatu, ambazo gari la kawaida linaweza kuzipata: kasi yake, kasi ya aliye mbele, na pengo kati yao. Tuzo ilihesabu pia mafuta ya magari yaliyo nyuma yake, asije akajinufaisha kwa gharama ya wengine, na pengo likawekewa mpaka wa chini kwa ajili ya usalama na mpaka wa juu, kwa sababu dereva akiacha nafasi kubwa mno wenzake watamchomekea. Watafiti waliripoti akiba ya nishati ya kati ya asilimia 15 na 20 karibu na magari hayo. Akiba hiyo ni kubwa kwa gari lisilohitaji kihisi kipya. Ninaloliheshimu zaidi, hata hivyo, ni kwamba kazi kubwa ilifanyika kwa mwalimu kabla ya kufanyika kwa mwanafunzi.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusiachane na kompyuta, gari likafundishwe barabarani kama watu wanavyofundishwa. Mwaka 2018 kampuni ya Wayve ya Uingereza ilionyesha gari halisi lililojifunza kwa tuzo kufuata njia yake katika chini ya dakika 20, likilipwa kwa umbali lililokwenda kabla dereva wa usalama hajaingilia kati. Onyesho hilo lilikuwa la kweli na zuri, lakini ni la barabara tulivu yenye mtu anayeokoa kila kosa. Usalama unapimwa kwa matukio adimu. Nidhi Kalra na Susan Paddock wa taasisi ya RAND walikokotoa mwaka 2016 kwamba ili kuthibitisha kwa uhakika wa asilimia 95 kuwa magari haya hayaui zaidi ya madereva wa Marekani, yangelazimika kwenda maili milioni 275 bila kifo hata kimoja. Kundi la magari 100 likitembea usiku na mchana kwa maili 25 kwa saa lingechukua miaka 12 na nusu. Na programu ikibadilishwa katikati, sehemu ya hesabu hiyo inapoteza maana. Uigaji hauepukiki, na hapo mimi na watetezi wake tuko pamoja.

Wengine wanasema dawa ni kurudia rekodi za barabarani kama zilivyo, wala kusiwe na madereva wa kubuni. Hapa kuna mtego ambao I-24 iliukwepa kwa sababu mahususi. Dereva aliyerekodiwa hajui kwamba upo. Ukimfungia breki mbele, hakusikii. Atakupitia kati kwa kati, kwa kuwa siku aliyorekodiwa nafasi hiyo ilikuwa wazi. Kwenye leni moja ya barabara kuu, mtu wa mbele kwa kiasi kikubwa haathiriwi na wa nyuma, kwa hiyo kurudia rekodi ya wa mbele ni halali. Kwenye makutano, ambako watu hupatana kwa macho na kwa kusogeza bampa kidogo kidogo, rekodi isiyojibu haifundishi mapatano. Ndiyo maana hata Waymax, programu ya uigaji iliyotolewa na Waymo mwaka 2023 na kujengwa juu ya rekodi za kweli, inaruhusu kuweka magari yanayoitikia badala ya yale ya rekodi. Tunarudi pale pale: nani aliyewaandika wanaoitikia?

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote limetoka kwa watafiti wa Apple. Mwaka 2025 walieleza mfumo wao wa Gigaflow, ambamo madereva wa kompyuta walifunzana wenyewe kwa wenyewe kwa umbali wa kilomita bilioni 1.6, wakipewa tabia mchanganyiko, wengine wapole na wengine wakali, bila kuonyeshwa hata safari moja ya binadamu. Dereva aliyepatikana alifanya vizuri katika vipimo kadhaa vinavyotumiwa na wote, kikiwemo kile cha Waymax. Kama mchanganyiko wa tabia ni mpana wa kutosha, wanasema watetezi wa njia hii, dunia halisi itakuwa aina moja tu kati ya nyingi alizokwisha kuziona. Nakubali sehemu ya hoja hii: mwalimu wa sura nyingi ni bora kuliko wa sura moja, na namba moja ya 2.6 kwa kila dereva haina utetezi. Lakini vipimo alivyofaulu navyo ni uigaji. Na upana wa mchanganyiko huamuliwa na mtu anayechagua nini kibadilike na kati ya mipaka gani. Asichokifikiria hakimo, hata ukiongeza kilomita bilioni nyingine.

Na asichokifikiria mtu kinaweza kuua. Usiku wa Machi 18, 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli, mahali pasipo na kivuko. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilibaini kwamba vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Mfumo ulimtaja mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ulipobadili jina ulianza upya kukisia aendako. Haukuwa umeandaliwa kufikiria mtembea kwa miguu anayevuka nje ya kivuko. Bodi ilimlaumu pia dereva wa usalama aliyekuwa akitazama simu, na utaratibu wa usimamizi wa kampuni. Gari hilo halikuwa limefunzwa kwa tuzo, kwa hiyo silitaji kama ushahidi dhidi ya njia hiyo. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha, kwa gharama ya uhai, kinachotokea dunia iliyoandikwa inapokosa jambo ambalo kila mkazi wa mji analijua.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi jambo hili lina uzito wake. Ramani tunazo. Mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kuichora Dar es Salaam mtaa kwa mtaa katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na mradi wa Digital Matatus ulikwisha kuziweka njia za matatu za Nairobi katika data inayosomeka na kompyuta. SUMO husoma ramani za OpenStreetMap, na hata suala la kuendesha upande wa kushoto ni amri moja tu. Mtu anaweza leo kuinua Barabara ya Morogoro na kuiweka kwenye skrini. Watakaoijaza, hata hivyo, ni madereva wa Krauss, kila mmoja katikati ya leni yake, wakipishana kwa adabu. Bodaboda anayepenya kati ya magari mawili hayumo mpaka uwashe namna maalumu inayogawa leni vipande vyembamba, na hata hapo bado utahitaji tarakimu zake: anaacha pengo gani, anaharakisha kwa kiasi gani, anaingia lini. Daladala inayosimama ghafla nje ya kituo kwa abiria mmoja lazima iandikwe na mtu. Tarakimu hizo hazipatikani Berlin wala Nashville. Zinapatikana kwa kuweka kamera juu ya makutano kama ya Mwenge, Dar es Salaam, na kupima kwa miezi, kazi ambayo vyuo vyetu vinaiweza na ambayo ingefaa kupanga taa na vituo hata kama gari linalojiendesha halitafika kwetu kwa muda mrefu.

Nchi nyingine zimeanza kulielewa hili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2022/1426, inayoweka utaratibu wa kuidhinisha magari yanayojiendesha yenyewe kikamilifu, inamtaka mtengenezaji anayetumia uigaji kama ushahidi athibitishe kwamba uigaji wenyewe unaaminika. Chuo Kikuu cha Michigan kimekwenda upande mwingine wa kuvutia: katika makala iliyochapishwa na jarida la Nature mwaka 2023, timu ya Henry Liu ilitumia kujifunza kwa tuzo kuwafundisha madereva wa pembeni watafute hali za hatari, ikafupisha upimaji kwa kati ya mara 1,000 na 100,000, na gari lililopimwa lilikuwa la kweli, likiwa kwenye uwanja wa majaribio huku likiletewa magari ya kompyuta. Hapo mwalimu anafunzwa naye, tena kutokana na takwimu za namna watu wanavyoendesha kweli.

Ningetaka kanuni kama ya Ulaya iongezewe sharti kwamba mipangilio ya madereva wa pembeni na fomula ya tuzo viwekwe hadharani kabla gari halijapewa kibali cha kuingia mji wowote. Kampuni zitasema hiyo ni siri ya biashara. Namna gari linavyofikiri inaweza kuwa siri yao. Lakini wale madereva na watembea kwa miguu walioandikwa ndani ya uigaji ni picha ya watu wa mji huo, na thamani iliyowekwa kwenye ajali ni thamani ya miili yao. Faili lenyewe si kubwa. Katika SUMO ni mistari michache ya maandishi ambayo mhandisi wa halmashauri anaweza kuisoma kwa mchana mmoja, akailinganisha na kamera yake ya makutano, na kusema kama hao ndio watu anaowajua.